Uzamili au Umahiri? Masta Moja, Milango Miwili

Utangulizi

Jumamosi moja nilipita dukani kwa shemeji yangu, Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Mtaa ule unaujua mwenyewe, ndugu msomaji: ukisimama unasukumwa, ukitembea unakanyagwa. Mkononi nilikuwa na rasimu ya pendekezo langu la utafiti, imejaa wino mwekundu wa msimamizi. Shemeji akaitazama, akacheka.

"Shem, hivi hiyo masta yako ni ya kazi au ni ya kusoma tu?"

Nikamjibu haraka haraka kwamba masta ni masta. Palikuwa na dada mmoja pale, mteja wake wa siku nyingi, mhasibu wa kampuni moja ya mjini. Akakiweka chini kitenge alichokuwa akikikagua, akasema:

"Mdogo wangu, usiseme hivyo. Mimi masta ninayo. Nimeisoma jioni miaka miwili, natoka kazini naunganisha darasani mpaka saa tatu usiku. Kazini wakanipandisha cheo, sikatai. Lakini mwaka jana nimekwenda kuomba kusoma PhD, wakaniuliza, tasnifu yako iko wapi? Nikawapa ripoti yangu ya mradi, kurasa arobaini na tano. Wakaniambia siyo hii. Sasa kama masta ni masta, hiyo yangu ni nini?"

Sikuwa na jibu. Shemeji akamfungia kitenge chake, nami nikapanda daladala kurudi Mlimani nikiwa nimenyamaza. Makala haya ni jibu ambalo nilipaswa kumpa dada yule siku ile. Yanakusudia kueleza tofauti kati ya aina mbili za shahada ya pili, ile inayomwandaa mtu kwa kazi yake na ile inayomwandaa kwa utafiti, na kuonesha namna nchi mbalimbali zinavyoitenga au kuificha tofauti hiyo. Hoja yangu ni moja tu: jina la shahada halikuambii kitu. Kinachosema ni kile ulichokabidhi mwishoni, na mlango ambao kitu hicho kinaweza kuufungua.

Neno linalotuchanganya

Sisi wa lugha na fasihi tuna desturi ya kuanza na neno, basi tuanze nalo. Waingereza wana maneno mawili yaliyo mbali mbali: moja la mambo ya kazi za kisomi kama udaktari, uhasibu na uanasheria, na jingine la mambo ya chuo na utafiti. Sisi yote mawili tumeyatia katika chungu kimoja, taaluma. Udaktari ni taaluma. Mhadhiri wa historia naye ni mwanataaluma. Maadili ya kitaaluma ni ya mhasibu ofisini, na pia ni ya mwanafunzi asiyeiba maandishi ya mwenziwe. Ukiniambia umesoma "shahada ya kitaaluma" bado hujaniambia umesoma nini.

Shahada yenyewe ya pili tumeipa majina zaidi ya moja. Mtaani ni masta, na hakuna asiyeelewa. Vyuoni tunasema uzamili, na katika majalada ya tasnifu za Kiswahili hapa Dar es Salaam utakuta vilevile neno umahiri. Wengi huyatumia maneno haya mawili kama pacha. Lakini hebu yasikilize vizuri. Mahiri ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, na kwetu limekaa mkononi: fundi mahiri, mshonaji mahiri, dereva mahiri. Mahiri ni anayejua kufanya. Katika uzamili, sikio la Mswahili halikosi kusikia kuzama, kama linavyosikia katika uzamivu, ambao wenzetu wa Kenya huuita uzamifu. Anayezama hashindani na watu sokoni. Yuko chini peke yake, ameshika pumzi, anatafuta kitu ambacho hakijaletwa juu. (Mjini Dar mzamiaji ni yule aliyejificha melini bila nauli, au aliyekula harusi bila kadi. Na hao masomoni wapo, ila tuwaache kwanza.)

Kumbe basi lugha yetu ilikwisha kutupatia majina mawili ya vitu viwili, nasi tukayafanya kuwa jina moja. Katika makala haya nitayatenganisha. Shahada ya pili ya kazi nitaiita umahiri, na ile ya utafiti nitaiita uzamili. Sidai kwamba ndivyo kamusi zisemavyo. Nayagawa tu ili tuelewane.

Fani na maudhui ya shahada

Tuichambue shahada kama tunavyochambua tamthilia, kwa fani na maudhui.

Kwa upande wa fani, uzamili una kiini kimoja, nacho ni tasnifu. Mwanafunzi anaweza kusoma kozi za darasani mwaka mzima, lakini kozi hizo ni ngazi za kupandia tu. Anachohukumiwa nacho ni swali alilouliza mwenyewe, data aliyoikusanya mwenyewe, nadharia aliyoichagua na hoja aliyoitetea mbele ya watahini. Sifa ya kuingia ni alama nzuri za shahada ya kwanza. Msimamizi ni mtafiti. Msomaji wa kazi hiyo ni watafiti wengine.

Umahiri una fani nyingine. Kiini chake ni kozi, mazoezi ya kesi halisi, mafunzo kazini, na mwishoni mradi au ripoti inayotatua tatizo la mahali fulani: ghala la kampuni, mahesabu ya halmashauri, foleni ya wagonjwa. Mara nyingi anayeomba huulizwa amefanya kazi miaka mingapi. Baadhi ya walimu ni watu wa kazi hiyo hiyo. Ratiba ni ya jioni na mwisho wa wiki, kwa kuwa wanafunzi ni waajiriwa. Msomaji wa kazi ya mwisho ni yule atakayeitumia.

Maudhui nayo hutofautiana. Uzamili huuliza: ni kipi hatukijui? Umahiri huuliza: hiki tunachokijua tukitumieje vizuri? Hayo ni maswali mawili ya heshima, lakini hayajibiwi kwa namna moja. Dada yetu wa Kariakoo alijibu swali la pili, tena akalijibu vizuri. Kisha akaenda kubisha kwenye mlango wa swali la kwanza.

Katika maisha, hata hivyo, mipaka haikuchorwa kwa rula. Mfano mzuri tunao Upanga, mwendo mfupi kutoka Kariakoo. Pale Muhimbili, daktari anayetaka kuwa bingwa wa watoto au wa upasuaji husomea MMed, shahada ya pili ya udaktari, ambayo kwa kawaida huchukua miaka 3. Hulala zamu, huhudumia wodi, hutahiniwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Huo ni umahiri usio na ubishi. Lakini daktari huyo huyo huandika na tasnifu ya utafiti. Marekani bingwa wa namna hiyo hutengenezwa hospitalini kwa mafunzo ya miaka kadhaa bila kupewa shahada nyingine ya chuo, na Uingereza mitihani ya ubingwa imo mikononi mwa vyuo vya kifalme vya madaktari. Kazi ni moja, mgonjwa ni yule yule, ila kwetu ubingwa unaitwa masta na kwao hauitwi hivyo.

Kutoka Lumumba hadi Mlimani

Tofauti hii tunayoijadili imo katika mitaa yenyewe ya mji wetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuzaliwa Mlimani. Kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, pale Kariakoo inapopakana na viwanja vya Mnazi Mmoja, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Wanafunzi hawakufika 20, na kitivo kilikuwa kimoja tu, Sheria. Yaani chuo chetu kilianza na somo la kazi. Nchi ilikuwa inajitawala na ilihitaji mawakili na mahakimu, siyo maprofesa. Mwaka 1964 ndipo kilipohamia kilimani, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu cha taifa kinachojitegemea.

Kupanda mlima kulikuwa na maana yake. Kule juu utafiti ulipata nyumba, na shahada ya pili ikachukua sura ya uzamili: kanuni zikatambua njia ya tasnifu tupu, na njia ya kozi pamoja na tasnifu. Huku chini mjini vyuo vya kazi vikabaki vikipakana na ofisi na maduka. Ukitoka Kariakoo ukavuka Mnazi Mmoja unakutana na Chuo cha Elimu ya Biashara, kilichoanza 1965. Ukiendelea mpaka Mtaa wa Shaaban Robert unakutana na Chuo cha Usimamizi wa Fedha, cha 1972. Vyuo hivi vilianzishwa kutoa wahasibu, maofisa ugavi na watu wa benki, na baada ya miaka mingi vikafika hata kwenye kufundisha shahada ya pili.

Hapo ndipo mambo yalipochanganyika. Mfumo wa tuzo za ufundi, uliojengwa na baraza lililoundwa kwa sheria ya 1997, umeiweka shahada ya pili katika ngazi ya 9. Mfumo wa tuzo za vyuo vikuu, chini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), nao umeiweka ngazi ya 9. Namba ni ile ile. Mwajiri anayesoma karatasi anaona 9 na 9, na haoni kama ndani mna tasnifu au mna ripoti ya mradi.

Kosa jingine linalofanywa mjini ni kudhani kwamba shahada ya pili ya kazi ndiyo leseni ya kazi. Siyo. Ukiwa na LLM ya chuo chochote duniani hujawa wakili hapa kwetu. Tangu sheria ya 2007 njia ya uwakili inapita kwenye mafunzo ya uanasheria kwa vitendo. Ukiwa na masta ya fedha hujawa CPA, kwani hiyo hutolewa kwa mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Chuo hukushuhudia kwamba umesoma, bodi huruhusu ufanye kazi. Neno shahada lenyewe asili yake ni ushahidi, na shahidi si lazima awe ndiye hakimu.

Nchi na nchi

Sasa tuvuke mipaka, maana wengi wetu tunaota masta ya ng'ambo, na huko ndiko majina yanakodanganya zaidi.

Tuanze kwa jirani. Makerere wana utaratibu ambao mimi naupenda kwa uwazi wake. Shahada nyingi za pili zina Mpango A, yaani kozi na tasnifu, na Mpango B, yaani kozi na mradi au mitihani. Mwanafunzi huambiwa mapema anaingia katika mpango upi. Nairobi nako utasikia wanafunzi wakitofautisha mwenzao "wa thesis" na mwenzao "wa project". Ni maneno mawili tu, lakini yangemwokoa dada yetu wa Mtaa wa Kongo na safari yake.

Afrika Kusini wamekwenda mbali zaidi. Mfumo wao wa tuzo za elimu ya juu wa 2013 unataja shahada ya pili ya kawaida na, kando yake, shahada ya pili ya kazi. Zote zina uzito ule ule wa vipimo 180, na zote zimekaa ngazi moja. Hakuna mkubwa wala mdogo hapo, ila kila mmoja ana jina lake. China nayo, ambako wafanyabiashara wetu wa Kariakoo huenda kufuata mzigo Guangzhou, ilianza kufundisha MBA mwaka 1991, na tangu hapo ikajenga safu nzima ya shahada za kazi kando ya zile za utafiti. Sheria yao mpya ya shahada, iliyoanza kutumika Januari 2025, inazitaja aina hizo mbili waziwazi.

Wafaransa walikuwa na utaratibu wa kuvutia. Mwanafunzi alipofika mwaka wa tano alikuta njia panda: DEA kwa anayekwenda kwenye utafiti, DESS kwa anayekwenda kazini. Mageuzi ya miaka ya 2000 yalipoleta mfumo wa licence, master na doctorat, njia panda hiyo ikabaki kwa muda ndani ya master, yenye mkono wa utafiti na mkono wa kazi, kisha majina hayo mawili yakafutwa. Hata neno licence halina unyoofu. Ufaransa ni shahada ya kwanza ya miaka 3. Katika mfumo wa zamani wa Kongo, ulioendelea mpaka nchi ilipoanza kuhamia huo mfumo mpya, mwanafunzi alianza na graduat ya miaka 3, kisha ndipo akasoma licence ya miaka 2. Basi kijana wa Bukavu au Lubumbashi aliyekuja Dar na licence yake ya miaka 5 aliweza kupokelewa kama mtu wa shahada ya kwanza tu, kwa sababu ya jina.

Uingereza ndiko wengi wetu hukwenda, nasi huku nyuma huwasema: "Masta ya mwaka mmoja, masta gani hiyo?" Tuwe waadilifu. Mwaka wao ni miezi 12 kamili, na tasnifu huandikwa wakati wa kiangazi, madarasa yakiwa yamefungwa. Vipimo ni 180. Cha kuuliza siyo mwaka mmoja au miwili, bali ni kama hiyo tasnifu ipo na ina uzito gani. Ila nao Waingereza wana maajabu yao. Oxford na Cambridge mwenye BA huweza kupewa MA baada ya miaka kadhaa kupita, bila kuketi darasani wala kufanya mtihani. Na katika vyuo vikongwe vya Scotland, MA ndiyo shahada ya kwanza yenyewe: miaka 3 kwa ya kawaida na 4 kwa ya heshima.

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu Scotland inaturudisha Lumumba. Julius Nyerere alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952 na kurudi na MA. Vitabu vingi huandika "masta" na kupita. Kumbe ile ilikuwa MA ya Kiskoti, shahada ya kwanza kwa mpangilio wa huko. Hilo halimpunguzii Mwalimu hata chembe. Linatuonesha tu kwamba herufi mbili hazisomeki bila kujua zimeandikwa wapi. Na kuna la zaidi. Kabla ya Edinburgh, Nyerere alikuwa amesoma Makerere kati ya 1943 na 1945 na kupata stashahada ya ualimu, cheti cha kazi. Aliporudi kutoka Scotland akafundisha Pugu, na mwaka 1954 TANU ikazaliwa katika mtaa huo huo ambao baadaye ungeitwa Lumumba. Sasa niambie, taifa limemkumbuka kwa jina gani? Hatumwiti "Masta Nyerere". Tunamwita Mwalimu. Jina lililobaki ni la kazi yake, lenye mizizi katika cheti kidogo kuliko vyote alivyokuwa navyo.

Na sisi wa fasihi je?

Utasema, ndugu msomaji, kwamba haya ni ya wahasibu na madaktari, sisi wachambuzi yanatuhusu nini. Yanatuhusu sana.

Nchini Marekani yako mambo mawili yaliyo tofauti ndani ya jengo moja la fasihi. Kuna MA ya fasihi, ambayo mara nyingi ni kituo cha njiani kuelekea uzamivu, na vyuo vingi humpokea mwanafunzi wa uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza. Halafu kuna MFA, shahada ya pili ya sanaa, anayoisoma mwandishi mwenyewe. Chuo Kikuu cha Iowa kimekuwa na warsha yake ya waandishi tangu 1936. Pale mwanafunzi hakabidhi uchambuzi wa riwaya ya mtu. Anakabidhi riwaya yake, au diwani yake. Na MFA huhesabiwa kwao kuwa kilele cha fani hiyo, kiasi kwamba mtu anaweza kuajiriwa chuoni kufundisha uandishi akiwa nayo bila uzamivu. Huo ni umahiri wa fasihi, umewekwa kando ya uzamili wa fasihi, na wote wana ofisi.

Sasa linganisha na watu wetu. Ngũgĩ wa Thiong'o alikwenda Leeds mwaka 1964 kufanya shahada ya pili, utafiti wake ukiwa juu ya fasihi ya visiwa vya Karibi. Aliondoka bila kuimaliza tasnifu. Lakini huko huko Leeds aliiandika A Grain of Wheat, iliyotoka 1967. Kwa daftari la chuo, yule ni mwanafunzi ambaye hakukamilisha. Kwa historia ya fasihi ya Afrika, ni mwandishi aliyekamilisha kazi kubwa. Angekuwa kwenye shahada inayopokea riwaya, riwaya hiyo ingekuwa ndiyo tasnifu. Alikuwa amekabidhi kitu kizuri mbele ya mlango usiokuwa wake.

Euphrase Kezilahabi yeye alipita mlango wa uzamili kwa miguu yote miwili. Tasnifu yake ya MA ya 1976, hapa hapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilimchambua Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Wakati huo Kezilahabi alikuwa amekwisha kuchapisha Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974) na Dunia Uwanja wa Fujo (1975), pamoja na mashairi ya Kichomi (1974). Riwaya tatu na diwani moja! Lakini alichohukumiwa nacho hakikuwa hizo. Ilikuwa ni kile alichoweza kusema juu ya riwaya za mwingine. Uandishi aliufanya kando, kwa wakati wake.

Na Shaaban Robert mwenyewe? Alisoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926, akawa karani wa serikali, hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Leo mtaa wenye jina lake ndio ulio na chuo kinachofundisha masta za fedha, na kila asubuhi wanafunzi wanaupita wakiwahi vipindi. Sijui kama kuna mhakiki anayeweza kuitunga kejeli nzuri kuliko hiyo.

Ipi bora?

Swali hili ndilo linaloharibu mjadala. Kule Mlimani utasikia watu wakiibeza masta ya jioni: eti ya kununua, eti ya kupandia cheo. Huku mjini utasikia wakiibeza yetu: eti umeandika kurasa mia mbili juu ya takriri katika mashairi, halafu unaomba nauli kwa shemeji. Dharau hizi mbili ni ndugu. Kila mmoja anapima cha mwenzake kwa mizani yake mwenyewe.

Ukweli ni kwamba kila upande una udhaifu wake. Umahiri unaweza kuwa bidhaa: chuo kikahitaji ada, mwajiri akahitaji karatasi, na katikati elimu ikapotea. Uzamili nao unaweza kuwa ibada tupu: mwanafunzi akamaliza nadharia tano katika sura ya pili na asiwe na neno lake hata moja katika sura ya tano. Wazamiaji wa meli wamo kwenye boti zote mbili.

Lakini kasoro iliyomuumiza dada yetu siyo ya aina hii wala ile. Ni kunyimwa habari. Hakuna aliyemwambia siku anajiandikisha kwamba shahada ile inampeleka kwenye cheo na haimpeleki kwenye uzamivu. Na siyo uzamivu tu. Anayetaka kazi ya uhadhiri katika vyuo vyetu vya umma atakutana na masharti ya wastani wa alama, 3.8 kwa shahada ya kwanza na 4.0 kwa shahada ya pili, na siku ya kusoma tangazo hilo siyo siku ya kugundua kwamba njia uliyoipita ilikuwa nyingine. Upande wa pili nao upo. Kuna wenzetu waliozama miaka mitatu katika tasnifu huku walichokitaka ni kupanda daraja kazini, jambo ambalo kozi za jioni zingewapatia mapema. Hao nao wameibiwa muda, ila sisi huwa hatuwahesabu.

Hata neno tasnifu linashiriki katika kuficha. Neno ambalo Waingereza huliweka kwenye kazi kubwa ya uzamivu, Wamarekani huliweka kwenye ile ya shahada ya pili, na jingine kinyume chake. Sisi tuna moja kwa zote, na ripoti ya mradi nayo huanza kuitwa tasnifu ikishawekewa jalada gumu. Jalada lile, ndugu zangu, pale Kariakoo linabandikwa kwa siku moja.

Hitimisho

Nimalizie kwa maswali manne ambayo kila anayetaka shahada ya pili, hapa au ng'ambo, aulize kabla hajalipa ada. Kwanza, mwishoni nitakabidhi nini: tasnifu, mradi, mitihani, au kazi ya sanaa? Pili, nani atakipokea na kukihukumu: mtafiti au mtu wa kazi? Tatu, nikimaliza, mlango gani unafunguka na mlango gani unabaki umefungwa: uzamivu, uhadhiri, cheo, bodi ya kazi? Nne, jina la shahada hii likivuka mpaka litasomwaje? Kwa shahada za nje, TCU ndiyo inayotambua tuzo, na ni afadhali kuuliza kabla ya kusafiri kuliko baada ya kurudi na sanduku.

Na kwa vyuo vyetu nina ombi moja dogo, la kilugha, ambalo halihitaji bajeti. Makerere wana A na B, Afrika Kusini wana majina mawili. Sisi tunayo maneno mawili mazuri ambayo tumeyaacha yalale kitanda kimoja. Kama uzamili na umahiri hayatufai kwa kazi hiyo, basi wenye lugha watafute mengine. Lakini tofauti iandikwe, tena iandikwe kwenye fomu ya kuombea nafasi, siyo kwenye barua ya kukataliwa.

Juzi nilirudi Mtaa wa Kongo. Yule dada hakuwepo. Nikamwachia shemeji ujumbe: amwambie masta yake ni masta ya kweli, na imefanya kazi yake yote iliyoahidi. Akitaka uzamivu, aulize kama kuna chuo kitakachomruhusu kufanya kwanza utafiti wenye tasnifu. Ni njia ndefu, lakini siyo kwamba alichokisoma ni bure.

Shemeji akasikiliza, akatikisa kichwa. Kisha akaniuliza tena swali lake la mwanzo.

"Sasa yako wewe ni ya kazi au ya kusoma?"

"Ya kuzama," nikamjibu.

"Haya," akasema, akinisogezea kigoda. "Ukiibuka utuletee hicho ulichokifuata."